Kwa nini Hollywood inatuuzia simba yule yule?

Mwaka 1994 Disney walitoa filamu ya vibonzo ambayo sisi tulielewa majina yake bila kuhitaji mkalimani. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, Pumbaa kapumbaa kweli, na fisi mmoja kapewa jina la Shenzi, tusi ambalo wakoloni walipenda kuwatupia wazee wetu. The Lion King iliingiza zaidi ya dola milioni 700 kwenye majumba ya sinema. Mwaka 2019 hadithi hiyo hiyo ikachezwa upya kwa picha za kompyuta, wanyama wakafanana na wa Serengeti, na safari hii ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Desemba 2024 tukaletewa Mufasa, ujana wa baba mtu. Sitashangaa siku moja wakituletea ujana wa babu.

Je, wajua kwamba katika filamu kumi zilizoingiza pesa nyingi zaidi duniani mwaka 2019, hakuna hata moja iliyokuwa hadithi mpya? Zote zilikuwa mwendelezo, marudio, au wahusika waliokwishajulikana kwenye vitabu vya katuni. Ukiuliza barazani kwa nini, utajibiwa kwamba Wazungu wameishiwa. Mimi sikubali. Los Angeles imejaa waandishi wenye skripti mpya mikobani, na wengi wao wanahudumu mezani kwenye mikahawa wakisubiri simu ilie. Mawazo yapo. Tatizo ni hesabu, na nani anashika kalamu ya hiyo hesabu.

Tuanze na pesa zenyewe. Tiketi ikiuzwa, takriban nusu yake inabaki kwa mwenye jumba la sinema. Filamu kubwa ikigharimu dola milioni 200 kuitengeneza, kuitangaza dunia nzima kunaweza kula milioni 100 nyingine au zaidi. Kwa hiyo ukisikia filamu "imeingiza milioni 400", usimpongeze mtu. Huenda wako kwenye hasara. Zamani kulikuwa na mto wa kuangukia, yaani DVD. Filamu iliyokosa watu sinemani iliweza kufufuka mwaka uliofuata kwenye rafu za maduka. Mauzo hayo yalifika kileleni katikati ya miaka ya 2000, kisha yakaporomoka watu walipohamia kutazama kwa intaneti. Mto ukaondolewa, na filamu za bei ya kati, zile za wapelelezi, za mapenzi, za mahakamani, zikawa za kwanza kuumia. Waliobaki ni wakubwa sana na wadogo sana. Na mkubwa hawezi kumwekea dola milioni 200 mtu ambaye hakuna anayemjua. Jina "Simba" linajitangaza lenyewe. Wenye vibanda umiza walilijua hili kabla ya Hollywood: bango lenye stelingi anayejulikana linajaza benchi, na lile la mgeni linasubiri mvua inyeshe watu wapate pa kujikinga.

Lakini kuna jambo halikai sawa hapo. Mwaka 2017 filamu ya kutisha ya Get Out, hadithi mpya kabisa ya mwongozaji aliyekuwa hajawahi kuongoza filamu, ilitengenezwa kwa dola milioni 4.5 na kuingiza zaidi ya milioni 250. Hakuna simba aliyewahi kuzaa faida ya namna hiyo kwa kila dola iliyowekwa. Kwa nini basi wasifanye Get Out arobaini kwa bei ya Lion King mmoja? Kwa sababu shirika kubwa halitafuti asilimia nzuri. Linatafuta kitu kikubwa cha kuonyesha wanahisa kila robo mwaka, kitu ambacho pia kitauza midoli, fulana, vibegi vya shule na tiketi za bustani za michezo. Get Out haiuzi kibegi cha shule.

Halafu kuna woga wenyewe. Watu wa Hollywood bado wanahadithiana habari za Heaven's Gate, filamu ya mwaka 1980 iliyogharimu kama dola milioni 44 na kurudisha zisizofika nne. Kampuni iliyoitoa ilikuwa United Artists, iliyoanzishwa mwaka 1919 na wasanii wenyewe, Charlie Chaplin akiwa mmoja wao, ili wasinyonywe na wenye studio. Mwaka mmoja baada ya filamu hiyo, kampuni ikauzwa. Tangu hapo, meneja akitaka kumkatalia msanii, ana hadithi ya kumtisha nayo. Jambo ambalo hadithi hiyo haisemi ni kwamba leo anayeogopa siye anayeumia. Agosti 2022 Warner Bros. Discovery waliamua kutoitoa kabisa Batgirl, filamu iliyokwisha kupigwa huko Glasgow kwa takriban dola milioni 90. Iliripotiwa kwamba hesabu ya kodi ilionyesha ni nafuu kuifuta kuliko kuionyesha. Waigizaji, mafundi wa taa, mafundi cherehani, miezi yao yote ikaingia kabatini. Mkubwa aliyetia saini aliendelea na kazi yake.

Nani basi anaumia? Twende Zamunda.

Coming to America ya mwaka 1988, ile ya mwana wa mfalme wa Zamunda, nchi ya Kiafrika ya kubuni, anayekwenda kutafuta mchumba Queens, New York, huku kwetu imetazamwa hadi kanda zikakatika. Mwandishi wa safu za magazeti mjini Washington, Art Buchwald, aliwapelekea Paramount wazo linalofanana nalo miaka kadhaa kabla, na mkataba ulimwahidi sehemu ya faida halisi. Filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 280. Buchwald alipokwenda kuchukua chake akaambiwa: faida halisi? Hakuna. Tumepata hasara. Studio ilikuwa imejikata yenyewe ada ya usambazaji, gharama za ofisi, riba juu ya pesa zake, na gharama juu ya gharama, mpaka chini ya karatasi pakabaki sifuri. Mwaka 1990 jaji wa Los Angeles alisema kanuni hiyo ya faida inakiuka haki waziwazi, na mwaka 1992 Buchwald na mtayarishaji mwenzake wakapewa dola 900,000 kwa pamoja. Zilikuwa chache kuliko gharama za kesi yao. Na kanuni ile? Wanasheria wa Hollywood waliibadilisha maneno, ikaendelea kuishi. Mwaka 2021 ikatoka Coming 2 America. Zamunda nayo ikarudiwa.

Aliyeumia zaidi ya Buchwald ni Solomon Linda. Mwaka 1939, Johannesburg, Linda na kundi lake la Evening Birds walirekodi wimbo wa "Mbube", yaani simba kwa Kizulu. Haki zake ziliuzwa kwa kampuni ya rekodi aliyokuwa akiifanyia kazi, kwa shilingi kumi kama inavyosimuliwa. Wimbo ukavuka bahari, ukabadilishwa jina ukawa "Wimoweh", halafu mwaka 1961 ukawa "The Lion Sleeps Tonight" na kushika namba moja Marekani. Linda alifariki mwaka uliofuata akiwa hana kitu. Kaburi lake lilikaa miaka bila jiwe. Miaka 32 baadaye Timon na Pumbaa wakauimba ndani ya The Lion King. Binti zake wakati huo walikuwa wakiishi kwa dhiki Soweto.

Kilichowaokoa ni kifungu cha sheria ya zamani ya Uingereza ya mwaka 1911, kilichosema haki za mtunzi zinarudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo. Mwaka 2004 wakili wao akaishitaki Disney Afrika Kusini, na mwaka 2006 yakafikiwa maelewano na kampuni iliyokuwa ikishikilia wimbo huo. Tazama kinaya chake: sheria ya kikoloni ndiyo iliyowafaa watoto wa Mzulu, wakati sheria za zama hizi zilikuwa zikielekea upande mwingine. Disney hao hao waliomba maneno "Hakuna Matata" yawe alama ya biashara kwenye mavazi mwaka 1994, na mwaka 2003 yakasajiliwa Marekani. Mwaka 2018 watu wengi walitia saini kulalamika mtandaoni, nao wakajibu kwamba hakuna aliyezuiwa kuyasema. Ni kweli hatujazuiwa kusema. Kuyauza kwenye fulana huko Marekani ndiyo habari nyingine.

Msomaji atauliza, serikali yao iko wapi? Hapa ndipo wapenda sinema wa Marekani wanapokata tamaa na siasa, kwa sababu serikali iliwahi kuwepo. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu iliwaambia wenye studio wauze majumba yao ya sinema. Mtindo wao ulikuwa huu: wewe mwenye jumba ukitaka filamu moja nzuri, lazima ubebe na makorokoro matano yao. Ulikuwa mtindo wa duka la wakati wa uhaba, unataka sukari, nunua na jembe. Mwaka 1970 ikaja kanuni ya kuvizuia vituo vikubwa vya televisheni kumiliki vipindi wanavyovirusha, ili watayarishaji wadogo wapumue. Kwa muda wakapumua.

Kisha vizuizi vikang'olewa kimoja kimoja. Kanuni ya televisheni ilianza kulegezwa na kufikia mwaka 1995 ilikuwa imekufa. Mwaka huo huo Disney wakatangaza kuinunua ABC, mmoja wa mitandao hiyo mikubwa ya televisheni, kwa dola bilioni 19. Mwaka 1998 Bunge la Marekani lilirefusha hakimiliki kwa miaka 20 zaidi. Mickey Mouse wa filamu ya mwaka 1928, aliyekuwa karibu kuwa mali ya umma, akarudishwa ndani. Sheria hiyo ilipita kwenye bunge lililoshikwa na Republican, kura hazikuhesabiwa jina kwa jina, na rais wa Democrat akaisaini. Kwa jambo hili pande mbili zinazotukanana kila siku hazikuwa na ugomvi wowote. Disney wakazinunua na studio nyingine: Pixar mwaka 2006, Marvel mwaka 2009, Lucasfilm mwaka 2012, na mwaka 2019 sehemu kubwa ya Fox kwa dola bilioni 71. Mwaka huo wa Fox, Disney peke yao walikuwa na filamu saba zilizovuka bilioni moja. Agosti 2020, kwa ombi la Wizara ya Sheria yenyewe, hata ile amri iliyotokana na kesi ya mwaka 1948 ikafutwa.

Hesabu ya woga inakamilika hapo. Soko likiwa na wauzaji kumi na wawili, mmoja atajaribu kitu cha ajabu kwa sababu hana cha kupoteza. Wakibaki watano, na kila mmoja ana ghala la majina aliyoyanunua kwa mabilioni, kuyaacha majina hayo yakae bure ndiyo hatari, na kutunga jipya ni anasa.

Waliochoka zaidi walikuwa wenye kazi. Mei 2023 waandishi waligoma, Julai waigizaji wakaungana nao. Waandishi walikaa nje siku 148, waigizaji 118. Malipo ya marudio, yaani ya kila kazi inapoonyeshwa tena, ambayo zamani yalimsitiri mwigizaji kati ya kazi na kazi, kwenye filamu za mtandaoni yalikuwa yamekauka, na baadhi yao walionyesha hundi za senti chache. Waandishi walipata ongezeko, idadi ya chini ya waandishi kwa kipindi, na mipaka juu ya akili unde kuandika mahali pao. Mara ya mwisho vyama hivyo viwili kugoma pamoja ilikuwa mwaka 1960, na kiongozi wa waigizaji wakati huo alikuwa mwigizaji mmoja anayeitwa Ronald Reagan. Mgomo wake uliwapatia mfuko wa pensheni na bima, lakini filamu zote za kabla ya 1960 zikabaki bila malipo ya marudio sinema hizo zilipouzwa kwa televisheni. Mwaka 1981, akiwa sasa rais wa nchi, mwigizaji yule alifukuza waongozaji wa ndege zaidi ya 11,000 kwa kosa la kugoma.

Mickey yule wa mwaka 1928 naye aliachiwa hatimaye, tarehe 1 Januari 2024. Siku ile ile ya kwanza, tena si kwa mkono wa shirika kubwa bali wa watengenezaji wadogo, likatoka tangazo la filamu mpya: muuaji aliyevaa barakoa ya Mickey Mouse. Mhusika alikuwa bure, na jina lake lilikuwa linajitangaza lenyewe.