Kabla ya kununua mtambo wa upepo, rusha tiara

Kaskazi inapoanza kuvuma, simu za ofisini kwetu huongezeka. "Mhandisi, kwangu upepo ni mkali mpaka mabati yanapiga kelele. Ninunue mtambo upi wa kufua umeme?" Nami huuliza kwanza nyumba imezungukwa na nini.

Upepo unaopiga mabati mara nyingi umekwisha kuvurugwa na miembe, minazi na ghorofa la jirani. Unakuja kwa vishindo, unageuka, unakatika. Mapanga ya mtambo, yaani mabawa yanayozungushwa na upepo, yanataka upepo ulionyooka, ndiyo maana tunashauri yakae angalau mita 10 juu ya kitu chochote kirefu kilichomo ndani ya mita 150. Mnazi wa jirani ukiwa na mita 12, mlingoti wako ni mita 22 kwenda juu. Hapo wengi hunyamaza, kwa kuwa mlingoti wa namna hiyo, pamoja na zege na nyaya za kuushikilia, unaweza kuzidi bei ya mtambo wenyewe. Kuufunga juu ya paa si njia ya mkato: umeme utakuwa kidogo, na mtikisiko utawanyima usingizi.

Tunang'ang'ania kimo kwa sababu juu upepo huenda kasi zaidi, na kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane. Mtambo ambao mapanga yake yana kipenyo cha mita 2, kwa upepo wa mita 4 kwa sekunde, hutoa takriban wati 30: taa chache na kuchaji simu. Upepo ukifika mita 8, unapata kama wati 240. Zile wati nyingi zilizoandikwa kwenye boksi kwa kawaida hupimwa kwa upepo wa mita 11 au 12 kwa sekunde. Hata Kititimo, Singida, sehemu inayosifika kwa upepo, wastani uliopimwa ni karibu mita 9.9.

Kwa hiyo pima. Funga vitambaa kwenye uzi wa tiara, kimoja kila mita mbili, uirushe mbali na nyaya za umeme (watoto watakusaidia kwa furaha). Vitambaa vya chini vitapepea ovyo. Kimo ambacho vinaanza kunyooka upande mmoja ndicho cha kulenga. Ukiridhika, weka kipima kasi ya upepo kwa mwaka mzima, usikose Kusi, Kaskazi wala tanga mbili, pale upepo unapolegea na kukosa mwelekeo. Kwa miezi hiyo utahitaji paneli za sola pembeni. Vivyo hivyo masika, mawingu yakitanda na Kusi ikianza, upepo huisaidia sola.

Kosa linaloharibu mitambo mingi ni kuifunga kama sola. Paneli ukiichomoa kwenye betri haidhuriki. Mtambo wa upepo ukiuchomoa unazunguka, unakosa mzigo wa kuuzuia, kasi inapanda, koili zinaungua au mapanga yanapasuka. Unahitaji kidhibiti chaji cha upepo hasa, chenye kipasha joto cha kumalizia umeme wa ziada betri zikijaa, pamoja na swichi ya breki. Vuta breki kwanza, hakikisha mapanga yamesimama, ndipo uguse nyaya za betri. Usisahau athi ya mlingoti (waya wa kupeleka umeme wa radi ardhini), kwani radi hutafuta kilicho kirefu. Kazi ya umeme mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji Tanzania, na kabla ya kuchimba msingi uliza halmashauri kuhusu kibali. Walio karibu na uwanja wa ndege waulize pia mamlaka ya anga.

Mwisho, chagua mlingoti unaoweza kulazwa chini kwa winchi. Kila mwaka ulaze, kaza bolti, kagua mapanga kama yana nyufa, na pwani angalia kutu ya nyaya. Tanga mbili ndiyo majira mazuri ya kazi hiyo.