Ruzuku ya wakfu wa kampuni haiombwi kama udhamini

Nimeisikia tena, safari hii redioni: kiongozi wa shirika la vijana anaeleza kwamba wameomba "udhamini wa CSR kwenye faundesheni ya benki" ili wafundishe mabinti ushonaji. Mtangazaji akaitikia, wakaendelea na mengine. Ndani ya sentensi hiyo kuna vitu vitatu, yaani udhamini, CSR (wajibu wa kampuni kwa jamii) na ruzuku ya faundesheni, kila kimoja kina mfuko wake, watu wake na mlango wake, na asasi nyingi zinakosa fedha kwa sababu zimebisha hodi mlango mmoja zikiwa na maombi ya mlango mwingine.

Maana kwanza, tuimalize. Ruzuku ya wakfu wa kampuni ni fedha ambazo chombo cha hisani kilichoanzishwa na kampuni, chenye usajili wake na bodi yake, kinaipa asasi isiyogawana faida ili ifanye kazi iliyoandikwa kwenye mkataba. Fedha hizo hazirudishwi zikitumika kama ilivyokubaliwa, na mtoaji hanunui kitu. Wengine chombo hicho wanakiita faundesheni, wengine taasisi, wengine mfuko. Kenya magazeti yameshazoea kuandika wakfu, nami nitakwenda na hilo.

Udhamini ni biashara. NBC inadhamini Ligi Kuu ya Tanzania Bara tangu 2021, na jina la benki limekaa mbele ya jina la ligi. Kilimanjaro Marathon nayo imebebwa miaka mingi na jina la bia. Sijawahi kusikia mtu akiziita ruzuku, kwa sababu kila mtu anaona kinachonunuliwa: macho ya watazamaji. Fedha ya namna hiyo hutoka idara ya masoko, na meneja wa masoko mwisho wa mwaka ataulizwa ni watu wangapi waliiona nembo. Ni swali halali kabisa, na ni kazi yake. Lakini afisa miradi wa wakfu haulizwi swali hilo. Yeye ataulizwa ni mabinti wangapi walimaliza mafunzo, wangapi wanashona sasa, na risiti za vyerehani ziko wapi.

Sasa tazama barua zinazopelekwa. Aya ya kwanza inasifia benki kwa kukua. Ya pili inasema shirika litaweka nembo ya benki kwenye fulana, kwenye bango la jukwaani na kwenye kurasa zake za mitandao, na Mkurugenzi Mtendaji atakuwa mgeni rasmi. Ya tatu inataja mafunzo ya ushonaji kwa mistari miwili. Kisha bajeti: fulana, kofia, mahema, viti, muziki, mshereheshaji, chakula cha wageni, na huko chini kabisa "vifaa vya mafunzo", jumla moja isiyochambuliwa. Hii ni barua nzuri ya udhamini, ingekwenda masoko wangeisoma. Ikifika kwenye wakfu inawekwa pembeni, na aliyeiandika anabaki kusema wanapeana kwa kujuana. Kujuana kupo, sikatai. Ila barua hii ingekwama hata mbele ya shemeji yake.

Kuna nchi ambako kuchanganya huku kunagusa sheria kabisa. Marekani, wakfu wa kampuni kwa kawaida unaangukia kundi la wakfu binafsi, na tangu sheria ya kodi ya mwaka 1969 umekatazwa kutumia fedha zake kuinufaisha kampuni iliyouanzisha au wakubwa wake. Ukiuomba wakfu wa aina hiyo "udhamini wa meza ya watu kumi" kwenye chakula cha jioni cha kuchangisha, na watakaokaa pale ni mabosi wa kampuni, unauomba uvunje sheria ya kwao. Ndiyo maana meza za namna hiyo hulipiwa na kampuni yenyewe, na ruzuku ikatoka kwenye wakfu, hata kama ofisi zote mbili ziko ghorofa moja na zinatumia mapokezi yale yale.

Kiswahili chenyewe hakijatusaidia hapa, maana anayelipia ligi ni mdhamini na wanaokaa kwenye bodi ya wakfu nao ni wadhamini. Lakini hao wa bodi wamekabidhiwa mali waitunze kwa ajili ya wengine. Hawatafuti kuonekana, au angalau katiba yao inasema hivyo.

Tuje kwenye CSR, ambayo ndiyo inaniudhi zaidi. Watu wanaitaja kana kwamba ni deni: kampuni imevuna kwetu, basi irudishe, na sheria inaibana. Nimesikia hata asilimia ikitajwa. Asilimia hiyo ipo, ila ipo India. Sheria ya Kampuni ya India ya mwaka 2013, kifungu cha 135, inazitaka kampuni zinazofikia ukubwa fulani zitumie asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu iliyotangulia kwenye shughuli za kijamii. Habari zikasafiri, asilimia ikafika huku bila kifungu chake. Benki ya Dar es Salaam au kampuni ya simu ya Nairobi haina sheria kama hiyo juu ya kichwa chake. Inatoa kwa sababu imeamua kutoa, na ikiamua vingine hakuna pa kuishitaki.

Tanzania kuna sekta moja ambako neno hilo lina meno: madini. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye haki ya kuchimba aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na akubaliane na halmashauri ya eneo husika. Watu wa Geita wanalijua hili vizuri kuliko sisi wa mjini. Mabishano ya madiwani kuhusu fedha za mgodi ni habari ya kila mara. Lakini angalia nani yuko mezani: mgodi na halmashauri. Asasi yako haina kiti pale. Ukitaka shughuli yako iingie kwenye mpango ule, unaanza na mtendaji wa kata na vikao vya maendeleo, na andiko la mradi kwa wakfu halitakufikisha huko hata likiandikwa na bingwa.

Na wakfu wenyewe? Hapa majina yanapotosha kweli kweli. Mastercard Foundation ilianzishwa 2006, wakati kampuni ya Mastercard ilipoanza kuuza hisa zake sokoni, ikapewa hisa kama mtaji. Makao yake ni Toronto, bodi yake inajitegemea, na kampuni haipangi fedha ziende wapi. Ford Foundation ilianzishwa 1936 na Edsel Ford, lakini hisa zake za kampuni ya magari ilishaziuza zote zamani. Ukiiandikia barua ya kusifu magari ya Ford utakuwa umesifu mtu kwa mali ya jirani. Ujerumani mambo yamegeuka kabisa: wakfu wa Robert Bosch ndio unaomiliki karibu asilimia 94 ya hisa za kampuni ya Bosch, yaani mtoto kamshika baba. Na hapa kwetu kuna Foundation for Civil Society, ambayo haina kampuni yoyote nyuma yake. Inakusanya fedha za wafadhili wa nje na kuzigawa kwa asasi za Tanzania.

Wakfu wa kampuni kwa maana ninayoizungumzia ni ule ambao kampuni bado inaulisha. Safaricom Foundation, ya tangu 2003, fedha zake zimekuwa zikitoka kwa Safaricom yenyewe na kwa wakfu wa Vodafone wa Uingereza. Equity Group Foundation iko chini ya kundi la benki. Mwaka 2010 wakfu huo wa Equity na Mastercard Foundation zilizindua pamoja Wings to Fly, ule mpango wa kusomesha sekondari watoto wenye uwezo darasani na wasio na karo. Kwa mtazamaji wa televisheni zile ni kampuni mbili za fedha zimeshikana mikono. Kwa mwandika maandiko ni wafadhili wa aina mbili: mmoja anasubiri faida ya benki, mwingine anakula matunda ya mtaji wake.

Tofauti hiyo ya mwisho ndiyo yenye faida kwako. Wakfu wenye mtaji unaweza kuahidi miaka mitano. Wakfu unaolishwa kila mwaka na kampuni unaahidi kadiri kampuni inavyopumua: mwaka wa hasara kapu linapungua, akija Mkurugenzi Mtendaji mpya anayependa mazingira kuliko elimu, nguzo zao, yaani maeneo wanayoyafadhili, zinabadilishwa majina. Kalenda nayo ni ya kampuni. Mwaka wa fedha wa Safaricom unaisha 31 Machi, wa mabenki mengi unaisha Desemba. Anayepeleka maombi mapya wiki ya mwisho ya mwaka akidhani kuna chenji zimebaki, mara nyingi anakuta mgao ulishapangwa kitambo. Wengine hawapokei maombi hadi watoe tangazo, wengine hawatangazi kabisa na wanaalika wanaowajua kwa kazi. Inafaa ujue uko mbele ya yupi kabla hujachapa hata ukurasa.

Kwa wakfu wa Marekani ujanja ni mmoja na ni wa bure. Kila mwaka unawasilisha fomu ya 990-PF kwa mamlaka ya kodi, na fomu hiyo iko wazi kwa yeyote. Inaonyesha nani alipewa, kiasi gani, kwa kazi gani. Kama orodha nzima ni ya shule za mji mmoja wa Ohio, basi maneno mazuri kwenye tovuti yao kuhusu "jamii duniani kote" yasikupotezee usiku.

Viambatisho sitavieleza sana, vinajulikana: cheti cha usajili, katiba, namba ya mlipakodi, hesabu zilizokaguliwa, akaunti kwa jina la asasi. Niseme tu kwamba hesabu zilizokaguliwa ndizo zinazoangusha asasi changa, na hakuna nembo ya kwenye fulana inayoziba pengo hilo.

Kwa asasi za Tanzania Bara, kuita kitu kwa jina lake kuna uzito mwingine. Kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za mwaka 2018 zilielekeza kwamba mkataba wa fedha zinazozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa, na fedha hizo zitangazwe hadharani. Ukikuta hesabu za shirika zimeandika ruzuku mahali pengine "udhamini" na pengine "mchango wa CSR", hata mkaguzi mwenye subira ataanza kuuliza maswali ambayo mhasibu hana majibu yake.

Kwa hiyo, kwa upole kabisa: ukiwaandikia wakfu, kichwa cha barua kiwe "Maombi ya ruzuku". Ielekeze kwa meneja wa wakfu, maana Mkurugenzi Mtendaji wa benki siye anayechambua maandiko. Mahema na mshereheshaji watoe kwenye bajeti hiyo. Wana barua yao, inakwenda masoko, na hakuna aibu yoyote kuiandika. Neno CSR liache, ila kama wao wenyewe wamelitumia kwenye tangazo. Na kama tangazo limesema maombi yajazwe kwenye fomu ya mtandaoni, jaza fomu, usipeleke barua kabisa.