Udongo unaoyeyuka kama sukari (na mawe yanayooza)

Majuzi mama mmoja wa Nyakach, Kisumu, aliniita nikaone korongo ambalo limekula kona yote ya shamba lake la mtama. "Daktari, si ni vile tulikata miti?" Nikamwambia miti iko na lawama yake, lakini hebu niletee glasi ya maji safi, na usikoroge.

Nikatoa bonge dogo la udongo kwa ukuta wa korongo, kama futi tatu chini, nikalidumbukiza polepole. Dakika kumi hazijaisha, maji kando ya bonge yamegeuka chai ya maziwa na hakuna mtu ameyagusa! Bonge la pili, la juu karibu na ua penye nyasi, lilivunjika vipande tu, maji yakabaki safi.

Tofauti ni chumvi, lakini si ile ya kupikia. Udongo wa chini huko Katuk Odeyo na pande zile za Nyando una sodiamu nyingi, na sodiamu ikijaa kwa mfinyanzi zile chembe hazishikani tena, mvua ikiingia zinaachana na kuelea. Kwa hivyo maji hayaanzii juu peke yake, yanapenya kwa nyufa, yanachimba vishimo chini kwa chini kama fuko, halafu siku moja paa linaanguka na unaona korongo jipya mahali jana ng'ombe walikuwa wanakula. Ndio maana kuta zake zimesimama wima, na ndio maana mto Nyando hufika Ziwa Victoria ukiwa kahawia.

Lakini kumomonyoka ni kazi ya pili, ya kwanza ni jiwe kuoza. Ndiyo, mawe huoza. Ukipita Kit Mikayi pale Seme, watu hudhani kuna mtu aliyapanga yale mawe, kumbe graniti ilioza ikiwa bado chini ya ardhi, maji yakifuata nyufa zake, kona zikaisha kwanza ndio maana mawe yako mviringo, halafu udongo laini ukasombwa yakabaki wazi. Elgon nako kazi ilifanywa na barafu zamani sana, ikakwangua kilele na kuacha mashimo kama mabakuli ambayo mengine leo ni viziwa, ingawa barafu yenyewe iliisha kitambo. Barafu haichagui, inabeba unga na jiwe kubwa kama matatu pamoja. Maji yanachagua: mchanga yanauacha njiani, mfinyanzi yanaenda nao.

Turudi kwa mama. Kuna mradi ulimchimbia mtaro wa kuzuia maji, na mtaro ukafika kwa huo udongo mbaya, sasa huo mtaro wenyewe ndio korongo. Nilikasirika kusema kweli, kwa sababu glasi moja ya maji ingetosha kuwaambia. Nikamwambia asichimbe tena, apande nyasi kwa mistari huko juu, na maji ya barabara yageuzwe kabla yafike kwake.

Glasi aliiacha dirishani. Siku tatu baadaye akanitumia picha: bado ni chai.