Je, wajua kwa nini meya wa Ulm huapa upya kila mwaka?

Kiongozi tuliyemzoea huapa mara moja. Siku ya kuapishwa anainua mkono, picha zinapigwa, na maneno yale hayasikiki tena mpaka muhula mwingine. Ulm, mji wa kusini mwa Ujerumani kando ya mto Danube, una utaratibu wake. Jumatatu ya pili kutoka mwisho wa Julai, saa tano asubuhi, meya hutoka kwenye roshani ya Nyumba ya Kiapo huku uwanja wa Weinhof ukiwa umefurika watu. Kwanza anatoa hesabu ya mwaka mzima: kilichofanyika, kilichokwama, fedha zilikokwenda. Kisha anainua mkono wa kulia, kengele inalia kutoka mnara wa kanisa la Münster, naye anaapa kuwa mtu wa wote, kwa tajiri na kwa maskini, katika mambo yote yaliyo sawa, ya pamoja na ya haki, bila kubakiza lolote.

Maneno hayo yanatoka katika hati ya mwaka 1397. Kwa Kijerumani yanasema meya atakuwa "gemeiner Mann". Ukimwita Mjerumani wa leo "gemein", atachukia, maana siku hizi neno hilo ni la mtu mwenye roho mbaya. Zamani lilikuwa na maana ya kitu kisicho na mwenyewe mmoja, kitu cha wote, kama kisima cha kijiji. Sisi tungesema mtu wa watu. Napenda kwamba Ulm hawakulibadilisha neno hilo ili lipendeze masikio ya sasa.

Lakini kwa nini kila mwaka? Jibu liko kwenye ugomvi wa karne ya 14. Wakati huo Ulm ulikuwa mji huru, usio chini ya mtawala yeyote wa karibu ila Kaisari mwenyewe, mkuu wa dola nzima ya Kijerumani. Utajiri wake ulikuwa kitambaa kiitwacho barchent, kilichofumwa kwa uzi wa kitani kutoka mashamba ya jirani na pamba iliyovushwa milima ya Alps kutoka Venice. Waliofuma, waliofua vyuma, waliochinja na waliosafirisha mizigo mtoni walikuwa na vyama vyao vya mafundi. Maamuzi ya mji, hata hivyo, yalikuwa mikononi mwa familia chache tajiri. Mafundi wakadai nafasi yao. Hati ya kwanza ya kiapo iliandikwa 1345, na ile kubwa ya 1397 ikawapa mafundi viti vingi katika baraza, huku meya akiendelea kutoka katika zile familia kubwa.

Hapo ndipo kiapo kinapoeleweka. Mtu wa ukoo wa kitajiri alisimama mbele ya wafumaji na wavuvi akaahidi kuwa wa wote, nao wakaapa kumtii. Ulikuwa mkataba wa pande mbili, na kwa kuwa umeya ulikuwa wa mwaka mmoja, mkataba nao ulifungwa upya kila mwaka. Leo meya huchaguliwa kwa miaka 8, lakini desturi haikurefushwa pamoja na muhula. Ivo Gönner, aliyeongoza mji kuanzia 1992 hadi 2016, alirudi kwenye roshani ile mwaka baada ya mwaka kusema maneno yaleyale.

Wananchi wa kizazi hichohicho ndio walioweka jiwe la msingi la Münster mwaka 1377, kwa fedha zao wenyewe. Mnara wake ulikamilika 1890, mita 161.53, ukawa mrefu kuliko wa kanisa lolote duniani hadi 2025, ulipopitwa na Sagrada Família ya Barcelona.

Mkataba haukuishi bila kuguswa. Mwaka 1548 Kaisari Karl V aliwanyang'anya mafundi nguvu zao na kuzirudisha kwa familia kubwa. Mwaka 1802 uhuru wa mji ukaisha kabisa: Ulm ukachukuliwa na dola jirani ya Bavaria, na 1810 ukahamishiwa dola nyingine jirani, Württemberg. Tangu hapo mpaka kati ya hizo mbili, leo majimbo ya Ujerumani, unapita katikati ya mto, na ng'ambo ya pili, upande wa Bavaria, ukakua mji mwingine, Neu-Ulm. Kiapo kikakosa maana, kwa kuwa hapakuwa tena na mji huru wa kuuapia.

Watu lakini waliishikilia Jumatatu yao, wakaishikilia mtoni. Waliendelea kufunga kazi, kubeba chakula na kushuka Danube kwa mashua. Kiapo cha meya kiliporejeshwa kama tunavyokiona leo, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kiliikuta siku yake bado iko hai. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia hii.

Safari hiyo ya mtoni sasa inaitwa Nabada, neno la Kiswabia, lahaja ya Kijerumani ya eneo hilo, lenye maana ya kuoga huku ukiteremka na maji. Saa kumi jioni mto hujaa. Mbele huja mashua kubwa zilizopambwa kwa vikatuni vya kuwadhihaki wanasiasa, meya akiwemo. Nyuma yake wanafuata maelfu ya watu juu ya chochote kinachoelea: maboti ya mpira, mipira ya matairi, maboya ya watoto, mbao zilizofungwa kamba. Wanarushiana maji kwa ndoo, na walio ukingoni nao hawasalimiki. Mwaka ambao mto umefura kupita kiasi, Nabada huahirishwa au hufutwa, kwani mkondo hapo una nguvu. Mto Iller umeshaingia Danube juu kidogo ya mji.

Nguvu hiyo ya maji ndiyo iliyowapa riziki waendesha mashua wa Ulm. Walijenga mashua bapa za mbao zilizokwenda upande mmoja tu: zikifika Vienna au mbali zaidi, zilibomolewa na kuuzwa kama mbao, na mabaharia wakarudi kwa miguu. Katika karne ya 18 maelfu ya familia zilizohamia Hungary zilisafiri ndani ya mashua hizo. Na kila baada ya miaka minne, wiki za kiapo, vijana husimama kwenye ncha za mashua mbili zinazoelekeana, kila mmoja na mkuki butu mkononi. Ngoma inapigwa, wapiga makasia wanavuta, na anayechomwa kifuani anaanguka Danube na nguo zake zote, umati wa pande zote mbili za mpaka ukishangilia.