Walioingia kwa upanga, walioingia kwa mkataba

Mwaka 2014 Uskoti ilipiga kura ya kujitenga. Wales haijawahi kupigishwa kura kama hiyo. Sehemu kubwa ya Ireland ilishaondoka zamani, tena kwa mtutu wa bunduki. Wanafunzi wangu huniuliza inakuwaje dola moja iwe na tabia tatu. Mimi huwaambia watazame kila mmoja aliingiaje.

Kwanza tuelewane. Sisi kwa mazoea huita dola nzima Uingereza. Hapa Uingereza ni ile nchi yenye London peke yake, na dola nitaiita Ufalme wa Muungano. Ukitaka kujua tofauti hiyo ina uzito gani, mwite mtu wa Glasgow, kule Uskoti, Mwingereza.

Majina yenyewe yamejaa kejeli. Britania limetokana na wenyeji wa kale, wale ambao Warumi waliwavamia mwaka 43 B.K. Utawala wa Kirumi ulipokwisha mwanzoni mwa karne ya 5, makabila ya Kijerumani yalivuka bahari, wakiwemo Waangli, ambao ndio walioipa Uingereza jina. Wavamizi hao waliwaita wenyeji wa upande wa magharibi kwa neno lenye maana ya wageni, na humo ndimo limetoka jina Wales. Wageni, kwenye ardhi yao! Wenyewe hujiita Cymry, yaani wananchi wenza. Waskoti nao wanabeba jina ambalo Warumi waliwapa watu wa Ireland. Baadhi yao walivuka kwenda kisiwa jirani, na kuanzia karne ya 9 ufalme wao ukawa mmoja na ule wa Wapikti, wenyeji wa kaskazini mwa kisiwa hicho.

Wales iliingia kwa upanga. Mwanamfalme Llywelyn ap Gruffudd aliuawa mwaka 1282, na mfalme wa Uingereza, Edward I, akajenga ngome kama Conwy na Caernarfon ili kuikalia nchi. Kisha kuanzia mwaka 1536 Henry VIII akaifutia sheria zake na kuamuru mahakama ziendeshwe kwa Kiingereza. Hakuna aliyekaa mezani kujadiliana na mtu. Ndiyo maana kwenye bendera ya muungano hamna alama ya Wales: ilipobuniwa mwaka 1606, Wales ilishahesabiwa kuwa kipande cha Uingereza. Kilichoinusuru ni lugha, ambayo ilipata Biblia kamili mwaka 1588.

Uskoti ni habari nyingine kabisa. Mwaka 1603 Malkia wa Uingereza, Elizabeth I, alikufa bila mtoto, na mfalme wa Uskoti, James VI, akarithi kiti cha London. Hapo mfalme alikuwa mmoja lakini mabunge mawili, sheria mbili, hazina mbili. James alitaka aziunganishe nchi zote ziitwe Britania Kuu. Bunge la Uingereza likakataa. Hali hiyo ikadumu karne nzima.

Kilichoivunja ni pesa. Miaka ya 1690 Waskoti walichanga kampuni ya kuanzisha koloni huko Darien, Panama, wakiwa na ahadi za michango ya pauni 400,000, sehemu kubwa mno ya fedha ya nchi maskini. Meli tano zilitoka mwaka 1698 zikiwa na watu wapatao 1,200. Homa na njaa viliwamaliza, Wahispania wakawazingira, na makoloni ya Uingereza yalikuwa yameagizwa yasiwasaidie. Mwaka 1700 kila kitu kilikuwa kimekwisha, na waliochanga walikuwa haohao mabwana na wafanyabiashara waliokaa katika bunge la Uskoti, Edinburgh.

London nayo ilikuwa na hofu yake: Malkia Anne hakuwa na mtoto aliye hai, na Uskoti ilitishia kujichagulia mfalme wake. Jibu lilikuwa sheria ya mwaka 1705: jadilianeni nasi, la sivyo mtahesabiwa wageni, na ng'ombe, kitani na makaa yenu hayataingia sokoni kwetu. Mwaka uliofuata mkataba wa vifungu 25 ukawa tayari. Kifungu cha 15 kiliipa Uskoti pauni 398,085 ili ibebe sehemu ya deni la Uingereza, na humohumo wenye hisa za Darien wakafidiwa. Pauni nyingine 20,000 zilipelekwa kimyakimya na kugawiwa wakubwa. Watu wakafanya ghasia Edinburgh na Glasgow, hawakusikilizwa. Tarehe 1 Mei 1707 muungano ukaanza.

Mimi siamini kuwa rushwa peke yake inaeleza yote. Waskoti walijua pa kukaza. Walikubali kupoteza bunge, wakabakiza mahakama, sheria na Kanisa lao la Kipresbiteri, tofauti na la Kianglikana la Uingereza. Matokeo yake yalionekana hata kwenye ndoa: sheria ya mwaka 1753 ilipobana harusi za siri Uingereza, wapenzi walikimbilia kijiji cha Gretna Green, hatua chache ng'ambo ya mpaka, wakafungishwa ndoa palepale. Na mwezi Septemba 2022, Mfalme Charles III aliapa kulilinda Kanisa la Uskoti kama mkataba unavyodai.

Kifungu cha 4 nacho kiliwafungulia Waskoti biashara katika makoloni yote. William Mackinnon, ambaye kampuni yake ilipewa hati ya kifalme mwaka 1888 kuendesha ukanda wetu kutoka Mombasa, alikuwa Mskoti. Wamisionari wa Uskoti walipohamia Kikuyu kutoka Kibwezi mwaka 1898, wenyeji wakapaita Thogoto, wakilitamka jina la wageni hao kwa ulimi wao. Kwamba Kenya leo ina Wapresbiteri wa PCEA na Waanglikana wa ACK, kila mmoja na kanisa lake, ni mwangwi wa mapatano yaleyale.

Ireland iliunganishwa tarehe 1 Januari 1801, baada ya uasi wa 1798 kuzimwa kwa damu. Waziri Mkuu Pitt aliwatumainisha Wakatoliki, waliokuwa wengi, kwamba wangeruhusiwa kuwa wabunge. Mfalme George III akagoma, Pitt akajiuzulu, na Wakatoliki wakangoja hadi 1829. Ndoa ikaanza na ahadi iliyovunjwa. Mwaka 1922 kaunti 26 kati ya 32 zikaondoka; sita zilizobaki ndizo Ireland Kaskazini.

Kuhusu kutoka, mkataba wa 1707 unasema muungano ni wa milele. Mlango wa nyuma haumo. Kura ya 2014, ambayo wanaotaka kubaki walishinda kwa asilimia 55, ilihitaji ridhaa ya London, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba bunge la Edinburgh haliwezi kuitisha nyingine peke yake. Ireland Kaskazini ndiyo iliyoandikiwa njia ya kutokea: kwa sheria ya mwaka 1998, waziri wa London anayehusika na Ireland Kaskazini akiona kuna uwezekano kwamba wengi watataka kuungana na Jamhuri ya Ireland, analazimika kuitisha kura. Ni dalili zipi zimtoshe waziri huyo, sheria haisemi.