Je, wajua kwa nini dereva wa Kisovieti alitembea na waipa zake mfukoni?

Moscow, miaka ya 1970. Wingu limefunga, matone ya kwanza yanadondoka barabarani. Mara magari yanaanza kusogea pembeni, moja, mawili, kumi. Madereva wanatoka mbio, kila mmoja na waipa zake mkononi. Anainua kile chuma cha mbele ya kioo, anapachika waipa, anabana mpaka isikike "tik", anahamia upande wa pili, anarudi ndani na safari inaendelea. Mvua ikikatika na gari likiegeshwa, waipa zinachomolewa tena na kuondoka na mwenyewe, mfukoni au kwenye mkoba, hadi nyumbani.

Jibu la haraka ni kwamba zingeibwa. Lakini wezi wa vifaa vya gari wako kila mji. Dar es Salaam na Nairobi watu wanachonga namba za gari kwenye taa na vioo vya pembeni kwa sababu hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba kwetu ukiibiwa, ukiwa na hela, jioni hiyo hiyo unapata kingine. Kwa Msovieti hela ingeweza kuwepo, waipa ndiyo haikuwepo. Angezunguka maduka yote asiipate.

Kwa nini kitu kidogo hivyo kikosekane katika nchi iliyorusha watu angani? Uchumi wote uliendeshwa kwa mpango wa serikali, na kiwanda kilipimwa kwa lengo lililowekwa. Kwa kiwanda cha magari, lengo lililohesabiwa na kusifiwa lilikuwa idadi ya magari kamili yaliyotoka mlangoni. Vipuri havikumpa mkurugenzi sifa. Kwa hiyo magari yaliongezeka mwaka hadi mwaka, lakini mipira ya waipa, betri na matairi ya kuyahudumia havikuongezeka kwa kasi hiyo. Warusi walikuwa na neno lao kwa bidhaa za namna hii, *defitsit*, yaani kitu adimu, na neno hilo lilikuwa midomoni mwa kila mtu.

Hapo ndipo wizi ulipojizalisha wenyewe. Aliyeamka akakuta waipa zake zimekwenda hakuwa na duka la kukimbilia. Akiona gari jingine limeegeshwa na zake zipo, tena zinatoka bila spana, kishawishi kilikuwa kikubwa. Aliyeibiwa leo aliweza kuwa mwizi wa kesho.

Na gari lenyewe halikupatikana kirahisi. Mwaka 1970 mshahara wa wastani ulikuwa kama rubli 120 kwa mwezi, na gari jipya aina ya VAZ-2101 liliuzwa kwa rubli 5,500 hivi. Piga hesabu: karibu miaka minne ya mshahara mzima, bila kula wala kuvaa. Ukishazipata hizo fedha, hukuingia dukani ukatoka na ufunguo. Uliandikishwa kwenye orodha, mara nyingi kazini kwako, ukasubiri miaka. Zamu yako ikifika, ulitumiwa kadi ya posta. Mimi kadi hiyo ndiyo hunigusa kuliko yote: kipande cha karatasi ambacho familia nzima ilikitazamia kila mleta barua anapopita. Ndiyo maana gari lililotumika, ambalo ungeondoka nalo siku hiyo hiyo, wakati mwingine liliuzwa ghali kuliko jipya.

Hiyo VAZ-2101 ndiyo Warusi wanaiita Kopeika, yaani senti, kwa ile sarafu ndogo ambayo mia moja zake hufanya rubli. Asili yake ni Italia. Mwaka 1966 Muungano wa Kisovieti ulitia saini mkataba na kampuni ya Fiat, kiwanda kikubwa kikajengwa kando ya mto Volga katika mji wa Tolyatti, uliopewa jina la kiongozi wa wakomunisti wa Italia, Palmiro Togliatti. Magari ya kwanza yalitoka Aprili 1970. Lakini Fiat 124, gari lililokuwa msingi wake, haikuchukuliwa vivi hivi. Barabara za Kirusi ziliishinda ilipojaribiwa, ikabidi bodi iongezwe unene, gari linyanyuliwe juu zaidi, na breki za diski za nyuma zibadilishwe kwa sababu ya tope. Likawekewa na hendeli, ili betri ikifa kwenye baridi kali dereva aliwashe kwa mkono. Nje ya nchi liliuzwa kwa jina la Lada.

Gereji za serikali zilikuwa chache, kwa hiyo mwenye gari alilazimika kuwa fundi. Wanaume walishinda Jumamosi kwenye vibanda vya kuegeshea, kichwa ndani ya boneti, wakiulizana nani ana kabureta ya ziada. Jarida la magari la *Za Rulyom*, lililoanzishwa mwaka 1928, liliwafundisha kutengeneza wenyewe kile ambacho hakikuuzwa.

Basi si ajabu gari likaingia kwenye filamu na vichekesho vyao. Katika *Beregis avtomobilya*, yaani "Jihadhari na gari", filamu ya Eldar Ryazanov ya mwaka 1966, wakala wa bima anaiba magari ya kifahari aina ya Volga ya wala rushwa, anayauza, fedha anapeleka kwenye vituo vya watoto yatima. Mmoja wa matajiri hao anaulinda utajiri wake kwa mtego wa chuma wa kunasia wanyama, ameutega ndani ya gari. Watazamaji hawakuhitaji kuelezwa. Mtu alichomoa waipa zake kila jioni. Aliyekuwa na Volga aliona mtego ndio unaomfaa.

Kichekesho kilichovuka mipaka zaidi alikisimulia Rais Ronald Reagan wa Marekani, aliyependa kukusanya vichekesho vya Warusi. Mtu amelipia gari, anaambiwa arudi kulichukua baada ya miaka kumi. Anauliza, "Asubuhi au mchana?" Muuzaji anashangaa: miaka kumi ijayo, ina tofauti gani? "Asubuhi hiyo," anajibu, "fundi bomba anakuja."

Kopeika na ndugu zake waliotokana na umbo lile lile waliendelea kutengenezwa Urusi hadi mwaka 2012, zaidi ya magari milioni 17. Mwaka 2000, maduka ya vipuri yakiwa yamejaa na foleni zimekwisha, *Za Rulyom* liliwauliza wasomaji wake ni gari gani la Kirusi lililokuwa bora katika karne nzima. Wakaichagua Kopeika.