Maana ya "spishi mpya" kwa utitiri wa mimea

Ukisoma kwamba wanasayansi wamepata spishi mpya ya utitiri, usidhani kuna kiumbe kilichozaliwa juzi. Mara nyingi utitiri huyo yuko kwenye majani ya watu tangu zamani, anafyonza na kutaga, na pengine amekwisha kupigwa dawa miaka mingi kwa jina la mwenzake. Kipya ni maelezo. Mtu ameketi na hadubini, akamlinganisha na ndugu zake wanaojulikana, akaonyesha kwa ushahidi kwamba huyu ni wa peke yake, kisha akampa jina. Kazi hiyo ndiyo huitwa kuelezea spishi.

Utitiri si wadudu. Ni jamaa wa buibui na kupe, na wengi wao wakikomaa wana miguu minane. Wanaokula mimea hawatafuni jani, hutoboa seli zake na kunyonya kilichomo. Mkulima wa nyanya anamfahamu utitiri mwekundu kwa utando wake na majani yanayobadilika rangi na kukauka. Wa muhogo anamfahamu utitiri wa kijani, aliyetoka Amerika ya Kusini, akaonekana Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kusambaa Afrika. Lakini mfano unaofundisha zaidi, kwa maoni yangu, ni utitiri bapa wa jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, iitwayo Brevipalpus.

Urefu wake ni kama robo ya milimita. Kwa jicho ni nukta nyekundu inayotambaa polepole. Mwaka 1939 Mholanzi Geijskes alielezea mmoja aliyepatikana kwenye mtende ndani ya nyumba ya vioo huko Uholanzi, akamwita phoenicis kwa sababu Phoenix ni jenasi ya mitende. Baadaye jina hilo likabandikwa kila mahali: kwenye michungwa ya Brazili, kwenye mibuni, kwenye mipapai, hata kwenye chai ya Kenya. Kumtambua kulikuwa rahisi. Unahesabu singa, yaani vinywele, za ubavuni upande wa nyuma, kisha unatazama vijiti vya hisia kwenye ncha ya mguu wa pili. Jozi tano za singa na vijiti viwili, huyo ni phoenicis. Jozi tano na kijiti kimoja, ni obovatus. Jozi sita na vijiti viwili, ni californicus.

Kipimo hicho kilikuwa kama kutambua watu kwa idadi ya vidole. Hukosei kuhesabu, ila utawaweka wageni wengi katika ukoo mmoja.

Sehemu ya tatizo ilikuwa namna ya kutazama. Kwa desturi utitiri huwekwa kwenye slaidi ndani ya mchanganyiko wenye gundi ya arabu, unaomfanya awe angavu ili mwanga upite. Kisha hufunikwa kwa kioo chembamba. Hapo anabanwa. Mikunjo ya mgongo inapotoka na nta inayomfunika inaweza kupotea. Singa unaziona vizuri, lakini sura ya mgongo si ile aliyokuwa nayo jani lilipokuwa bichi.

Hadubini ya elektroni ya baridi kali ilibadilisha hali hiyo. Kipande cha jani, pamoja na utitiri wake, hugandishwa kwa nitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Kiumbe anaganda palepale alipo, hata kama alikuwa anafyonza. Hupakwa utando mwembamba sana wa platini, kisha hutazamwa kwa elektroni badala ya mwanga, akiwa bado ameganda, kwa hiyo hanyauki wala hakunjamani. Mgongo wake unaonekana kama nyavu zilizotandazwa, na juu yake vibamba vidogo mno vya nta ambavyo umbo lake hutofautiana kati ya spishi na spishi.

Hata hivyo elektroni hazionyeshi kilicho ndani. Mfuko wa jike wa kuhifadhia mbegu za kiume, ambao nao ni alama muhimu, huonekana kwa hadubini ya mwanga yenye uwezo wa kukuza tofauti ndogo za uangavu. Ndiyo maana waainishaji makini hutumia zote mbili, na DNA inapopatikana.

Mwaka 2015 watafiti wa utitiri Jennifer Beard, Ronald Ochoa na wenzao walichapisha uchunguzi wa namna hii, na phoenicis mmoja akawa spishi nane. Baadhi zilipewa majina kwa mara ya kwanza. Nyingine, kama yothersi na papayensis, zilikuwa zimekwisha kuelezwa na mtaalamu wa utitiri Baker mwaka 1949, zikafutwa baadaye kwa kudhaniwa ni phoenicis yuleyule. Kwa hiyo lenzi mpya wakati mwingine humrudishia mtu wa zamani haki yake.

Huwezi kuwatenganisha hawa kwa kuuliza nani anazaa na nani. Mwaka 2001 watafiti waliripoti kwamba utitiri wa kundi hili huishi kama majike pekee, bila madume, wenye seti moja tu ya kromosomu, kwa sababu ya bakteria walio mwilini mwao. Maumbile na DNA ndivyo vinavyobaki kuwa mashahidi. Kwa utitiri wanaofuma utando mambo ni kinyume: huko dume ndiye anayetafutwa, kwa kuwa umbo la uume wake ndilo hutofautisha spishi, na lazima alale ubavu kwenye slaidi ndipo lionekane.

Kanuni za majina ya wanyama nazo zina masharti. Maelezo lazima yachapishwe, na kielelezo kimoja kiteuliwe kuwa mbebaji wa jina, kisha kwa kawaida kihifadhiwe makumbusho. Ukiona Brevipalpus phoenicis (Geijskes, 1939), mabano yanakuambia kwamba Geijskes alimweka katika jenasi nyingine na wengine wakamhamisha.

Haya yote yanamgusa mwenye shamba. Utitiri hawa hubeba virusi vya leprosis, ugonjwa unaoharibu michungwa Amerika ya Kusini, na anayehusishwa hasa na virusi vilivyoenea zaidi ni yothersi. Virusi vya madoa ya kahawa vinahusishwa na papayensis. Kumbe tafiti nyingi za zamani zinasema tu "phoenicis". Zile ambazo slaidi zake zilihifadhiwa, mtu anaweza kuzitoa kabatini leo, akatazama upya mgongo na mfuko wa mbegu, akajua ni nani hasa alikuwa kwenye mti ule. Ambazo hazikuhifadhiwa, jina lililoandikwa haliwezi tena kuthibitishwa.